Dakika Moja Kamili

Fetoskopu ya Pinard haina betri wala waya. Ni kijipembe cha mbao au cha alumini, upande mmoja mpana, upande wa pili bapa, na mpaka leo hakijabadilika sana tangu daktari Mfaransa Adolphe Pinard alipokibuni mwishoni mwa karne ya 19. Unaweka upande mpana kwenye tumbo la mama, unalaza sikio upande wa pili, kisha unaachia mkono, maana vidole vikishika chombo vinaleta kelele zao. Mkono mmoja unabaki kwenye kifundo cha mkono wa mama ukifuatilia mapigo yake, usije ukahesabu moyo wa mama ukidhani ni wa mtoto. Unangoja uchungu upite. Halafu unasikiliza dakika nzima. Mapigo ya moyo wake yakiwa kati ya 110 na 160, mtoto hajambo.

Katika dakika hiyo huwezi kuwaza ada ya shule. Ukiwaza, hesabu inapotea na unaanza upya, na mama anakukazia macho akidhani umesikia baya. Wodi yenyewe haijanyamaza hata kidogo: ndoo inaburutwa, mzazi wa kitanda cha dirishani anamwita mama yake aliyeko Pangani, simu ya mtu inalia taarabu. Wewe umezama ndani ya tumbo la mtu mwingine, unafuata mdundo mwepesi unaokimbia kuliko wako. Nimekuwa mkunga hapa Tanga kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na naamini hiyo ndiyo taamuli ya kwanza niliyofundishwa, ingawa mwalimu wetu wa chuo aliiita kazi na alitukata maksi tukikosea.

Nasema haya kwa sababu ya binti wa kaka yangu. Anafanya kazi benki Dar es Salaam, na likizo iliyopita alikuja na programu ya taamuli kwenye simu. Sauti ya Mzungu mwanamume, ya upole, inamwambia kwa Kiingereza atafute mahali tulivu, aketi wima, afumbe macho, asikilize mawimbi. "Shangazi, hebu jaribu," akanivisha visikilizi. Tulikuwa tumekaa Raskazone, bahari iko pale chini yetu. Nikasikiliza mawimbi ya simu. Kabla Mzungu hajafika kwenye mabega, bando likaisha.

Sina ugomvi na programu hizo. Msichana yule anatoka kazini jua limeshazama, anasimama kwenye daladala safari nzima, na kama sauti ya mgeni inampa usingizi, namwombea bando lisiishe. Kinachonikera ni lile sharti la mahali tulivu. Wanawake ninaowazalisha wanaishi chumba kimoja na mume, watoto, na cherehani. Wanaamka kabla ya adhana kuchoma vitumbua vya kuuza. Ukimwambia mtu huyo kwamba tafakuri inaanzia kwenye kona ya utulivu na nusu saa ya kukaa bila shughuli, umemwambia kwa adabu kwamba tafakuri si yake. Basi jambo ambalo masufi na watawa walihamia jangwani na mapangoni kulitafuta, linaweza kukaa kwa mtu asiye na kona? Na likikaa, litakuwa lile lile, au atakuwa amepewa makombo?

Waliouliza hivi kabla yetu ni wengi. Anayenivutia kuliko wote ni mhasibu.

Mwaka 1885 Waingereza waliiteka Burma ya juu wakampeleka mfalme wake uhamishoni India. Mtawa mmoja wa Kibudha, Ledi Sayadaw, akahofia kwamba dini iliyopoteza mfalme wa kuilinda itakufa. Wengine wangeifungia ndani ya nyumba za watawa. Yeye aliitoa nje. Akaandika kwa Kiburma chepesi, akafundisha kwamba raia mwenye mke na shamba anaweza kukaa akaangalia pumzi yake na hisia za mwili wake sawa na mtawa. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mkulima, Saya Thetgyi. Mkulima huyo ndiye aliyemfundisha, mwaka 1937, ofisa wa hesabu serikalini aliyeitwa U Ba Khin. Burma ilipopata uhuru tarehe 4 Januari 1948, U Ba Khin akawa Mhasibu Mkuu wa nchi. Hakuacha kazi akaenda msituni. Alianzisha kikundi cha taamuli kwa wafanyakazi wa ofisi yake, makarani na watunza daftari, watu wa mihuri na stakabadhi.

Yeyote aliyewahi kufuatilia posho ya zamu za usiku atanielewa nikisema habari hii niliisoma mara mbili. Ofisi ya uhasibu! Mahali ambapo mimi nimejifunza subira kwa njia nyingine kabisa.

Mwaka 1955 alimjia mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya India, S. N. Goenka, aliyeteswa na kipandauso. U Ba Khin akasita kumpokea. Alimweleza kwamba kuitumia njia hii kutibu kichwa ni kuishusha thamani. Aje kusafisha moyo, na kichwa kikipona kipone njiani. Goenka alikubali sharti, na miaka 14 baadaye alikwenda India akaanza kufundisha kozi za siku 10 zisizotozwa ada, mpaka zikaenea duniani. Hizo siku 10 naziweka kando, kwa sababu mama wa vitumbua hana siku 10. Nashika hili: elimu hii ilipita kwa mkulima ikafika kwa mhasibu, na mhasibu aliyewafungulia makarani mlango bado alimuuliza kila mtu amefuata nini.

Kwetu Waislamu, kisa kinachonikaa moyoni ni cha mikono ya Bibi Fatima. Kimo katika Bukhari na Muslim, nami nilikisikia kwa bibi yangu kabla sijajua kuna vitabu hivyo. Binti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisaga nafaka kwa jiwe mpaka mikono ikaathirika. Aliposikia kwamba wameletwa mateka, akaenda kuomba mtumishi. Usiku Mtume akafika kwao, yeye na Ali wakiwa wameshajilaza, akaketi kati yao, akasema atawafundisha lililo bora kuliko mtumishi: wakienda kulala, tasbihi mara 33, tahmidi mara 33, takbiri mara 34.

Nimekisikia kikihubiriwa sana kama funzo la kuridhika na umaskini. Mimi nakisoma kikunga. Aliyeomba ni mwanamke aliyechoka, mikono inamuuma. Hakuambiwa aache kusaga, wala hakuambiwa kuwa jiwe si zito. Hakutumwa mahali popote. Alipewa kitu cha kuhesabu kwa vidole vile vile vilivyoumia, kitandani, katika dakika ambazo hata mtu asiye na kitu anazo, zile za kabla ya usingizi. Mara 100, kwa mtu asiye na haraka, ni muda wa maji ya chai kuanza kuimba jikoni.

Bibi yangu aliihesabu kwenye pingili za vidole, na mchana aliendelea nayo juu ya mbuzi, akikuna nazi. Midomo inacheza, mkono unazungusha kifuu, nazi iliyokunwa inashuka kwenye ungo. Ukimsemesha katikati anakuitikia kwa kichwa, hesabu haikatiki. Sikuwahi kumsikia akisema kwamba anatafakari. Angeulizwa, angejibu kuwa anakuna nazi, na kama huna kazi njoo uchuje tui.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake cha Ihyaa kwamba dhikri ya ulimi wenye moyo ulioghafilika faida yake ni ndogo. Alikuwa na sababu ya kuwashuku wenye ndimi. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, ulimi wake mwenyewe ulimgomea darasani, neno halitoki, na haukupita muda akaacha cheo akaondoka mjini. Basi bibi yangu na nazi zake, moyo ulikuwepo au haukuwepo? Hakuna fetoskopu ya kupima hilo. Naweza kusema tu kwamba hakuwahi kujikata, na kwamba alijua nani kaingia uani kabla hajageuza shingo.

Mwenzangu wa zamu ni Mkatoliki aliyesomeshwa uuguzi na masista. Yeye ndiye aliyenipa habari za Bruda Laurent, Mkarmeli wa Paris wa karne ya 17. Alikuwa askari, akajeruhiwa vitani, akabaki akichechemea. Alipoingia utawa akapewa jiko. Kwa tabia yake jiko alilichukia, na akakaa humo miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kwenye kutengeneza makubadhi ya wenzake. Hakuandika kitabu. Barua na mazungumzo yake vilikusanywa na padri mmoja baada ya yeye kufa mwaka 1691. Alichosema ni kwamba kwake saa ya kazi na saa ya sala hazikuwa na tofauti: masufuria yanagongana, watu watatu wanamwita kwa mambo matatu, naye yuko na Mungu kwa utulivu ule ule wa kanisani.

Mwenzangu huyo huosha vifaa, mikasi na koleo za kubania kitovu, taratibu kiasi cha kuudhi. Kuhusu Utatu hatujakubaliana na hatutakubaliana. Kuhusu kuosha mikasi tumeelewana kabisa.

Mimi taamuli ya makusudi niliianzia kwenye sinki. Shirika la Afya Duniani linataka kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa damu au majimaji, baada ya kumgusa mgonjwa, hata baada ya kugusa shuka lake tu. Bango limebandikwa ukutani, na kila mkunga anajua linavyokimbiwa zamu ikichemka: viganja, viganja, maji, basi. Nikaamua kulitii neno kwa neno. Kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, kati ya vidole, migongo ya vidole, kidole gumba, ncha za kucha. Maji ni ya baridi alfajiri na vuguvugu adhuhuri, kwa sababu tangi liko juu ya paa. Sabuni inateleza, ngozi inakauka mahali ilipopasuka. Mawazo yakikimbilia kwa mgonjwa anayefuata, nayarudisha kwenye kidole gumba. Hakuna aliyejua kwamba nafanya jambo jingine, na mikono ilitakata, jambo ambalo wodini si dogo. Mwislamu mwenzangu atasema hili tulifundishwa zamani, tuna udhu mara tano. Kweli. Nenda kasimame kwenye mabomba ya msikiti wowote dakika mbili kabla ya ikama, uone tunavyoutia.

Masufi wa Nakshibandi nao wana kanuni zilizonasibishwa na Abdulkhaliq Ghijduwani, sheikh wa upande wa Bukhara aliyeishi zaidi ya miaka 800 iliyopita. Kuwa macho katika kila pumzi. Kutazama hatua za miguu yako. Kuwa faraghani katikati ya watu. Hiyo ya tatu ingefaa kuandikwa nyuma ya daladala.

Ni hapa ninapotofautiana na wengi wanaotuuzia taamuli nyepesi. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu mzima aliyetulia unaweza kumhesabia pumzi nusu dakika ukazidisha kwa mbili. Kichanga hapana. Kichanga anapumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, tena bila mpangilio: ataharakisha, atapunguza, atasita sekunde tano, saba, mpaka wewe ndiye unayekosa pumzi, kisha ataendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne umeandika uongo kwenye faili. Lazima dakika moja kamili. Akili ya mtu mzima, ukiiketisha uiangalie, ni kichanga wa namna hiyo.

Kwa hiyo nikisikia mtu anaahidi utulivu wa sekunde 15, najua anazidisha kwa nne. Punguza unachotaka mlangoni: ondoa ada, ondoa Kiingereza, ondoa mto maalumu na goti linalokunjika, ondoa hata kufumba macho. Dakika yenyewe iache kama ilivyo. Itachosha. Itakukumbusha deni la duka la kona na maneno uliyomwambia mumeo asubuhi. Watu huniambia, "Nilijaribu, sikuweza, mawazo yalizunguka tu." Nawaambia wamefanya sawasawa, wameyaona yakizunguka. Walipokuwa wakizunguka nayo siku zote hawakuyaona. Wanarudi kwenye moja, wanahesabu tena, na mambo yote ndiyo hayo. Hotuba ya kale ya Kibudha kuhusu kuwa macho inataja kutembea, kusimama, kula, kunywa, hadi kwenda haja. Aliyeitoa hakuwa na haya, au alijua kwamba kwa mama wa watoto watano chooni ndiyo faragha pekee iliyobaki.

Babu yangu alikuwa mtu wa Kadiriya, tarika iliyosambazwa Unguja na Sheikh Uways wa Barawa zama za Sultani Barghash, ikaingia mrima. Usiku wa kuamkia Ijumaa wanaume walisimama duara, wakaanza polepole, na kadiri zikri ilivyopanda maneno yaliliwa na pumzi, vifua vyote vikitoa pamoja mpaka mbao za dirisha zikatetemeka. Sisi watoto tulichungulia tukacheka, tukafukuzwa. Nilipokuja kuwafundisha wazazi kupumua wakati wa uchungu nilikikumbuka kifua cha babu.

Vuta kwa pua, toa kwa mdomo, polepole, usisukume bado. Vitabu vinamtaja Mfaransa Fernand Lamaze, aliyeiona njia ya kupumua huko Urusi ya Kisovieti mwaka 1951 akairudisha Paris. Wakunga wetu wa jadi hawakuwa wakimngoja. Pumzi haiondoi uchungu, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimewasikia watu, wanaume hasa, wakisema maumivu yako kichwani. Yako kwenye kizazi, kiunoni na nyongani. Pumzi inampa mwanamke mahali pa kushika wakati yanapopanda, na yanaposhuka inampa mapumziko ambayo angeyatumia kuogopa yanayofuata. Anayepumua vizuri analia pia. Wengine wanatukana, na wametukana vizuri.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo kwa wagonjwa ambao dawa hazikuwa zimewamalizia maumivu. Yeye mwenyewe alijifunza kwa Wabudha, lakini hospitalini aliacha nje Budha, uvumba na istilahi za kale, akabakiza pumzi, mwili na uangalifu. Kama muuguzi namwelewa. Kitanda cha kwanza Mwislamu, cha pili Mlokole, cha tatu hana habari na dini, wote wanaumwa. Ila kitu kikishavuliwa kila vazi, yeyote aweza kukivisha lake. Niliwahi kukaa kwenye semina ya kupunguza msongo wa mawazo kazini. Mwezeshaji, kijana nadhifu, alitufumbisha macho akatuambia tuvute pumzi tuachie mizigo yetu. Usiku wa kuamkia siku hiyo zamu ilikuwa ya wakunga wawili, na wazazi walilala wawiliwawili kitanda kimoja. Mama mmoja wa makamo akafumbua macho akasema, "Mwanangu, pumzi tunazo. Tuletee mtu wa tatu." Ukumbi ukacheka, kijana naye akacheka, na mtu wa tatu hakuja.

Taamuli inayomzuia mama yule asifumbue macho siitaki, hata iwe bure. Hapo ndipo lile swali la U Ba Khin linaponisaidia: umefuata nini? Na aliyekuleta, yeye amefuata nini?

Nililipeleka swali langu kwa ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu, mtu wa utani lakini msomi. Nilitaka kujua kama kuhesabu pumzi bila kutaja jina la Mwenyezi Mungu kuna thawabu yoyote. Akaanza, kama nilivyotarajia, na hadithi ya nia. Kisha akauliza, "Na wewe mama, unapomhesabia mtoto wa watu pumzi, unakusudia nini?"

"Nakusudia aishi."

"Basi hiyo usiniulize mimi."

Ya kuhesabu pumzi zangu mwenyewe hakuiachia kirahisi. Kwake pumzi ni amana, na kuitazama bila kumshukuru aliyeitoa ni utovu wa adabu, hata kama moyo unatulia. Nakubaliana naye nikiwa nyumbani: huko kila pumzi inayotoka naifunga kwa alhamdulillahi. Wodini sifungi kitu, wala sioni kwamba nimetoka mbele ya Mungu. Mwanafalsafa Mfaransa Simone Weil, aliyekufa mwaka 1943 akiwa na miaka 34, alifika karibu na hapa kutokea upande mwingine. Aliona kwamba usikivu mtupu, usiotaka kunyakua, ndio unga unaokandiwa sala. Kwamba mwanafunzi anayehangaika na swali la jometri, hata akilikosa, amejizoeza kitu kitakachomfaa siku ya kumwomba Mungu na siku ya kumsikiliza anayeteseka. Ustadhi nilipomsimulia alisema bibi huyo angefaa kufundisha madrasa, tatizo wanafunzi wangepata kisingizio cha kukosa majibu.

Kuna watu siwaambii wafumbe macho. Mama aliyejifungua mtoto aliyekwisha kufa hahitaji kimya; kimya chake kimejaa. Nimewaona watu wema wakimwendea na "tulia, vuta pumzi," na ukimtazama unajua kila pumzi inamrudisha chumba kile. Huyo nampa kikombe cha chai ya moto akishike kwa mikono miwili, macho wazi, na namwacha ahesabu nyuzi za kanga yangu akitaka. Akitaka kusema, naacha kila kitu nisikilize. Miezi ikipita, wengine huweza kukaa na kimya tena. Wengine hapana, na si kosa lao wala la kimya.

Ukitaka kuiona taamuli isiyo na jina, njoo chumba cha watoto njiti. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, alipobanwa na uhaba wa mashine za kutunzia watoto wa aina hiyo, aliwaweka kwenye vifua vya mama zao. Leo ni tiba inayopendekezwa dunia nzima, wenye mashine na wasio nazo. Mama anaegemea, mtoto kavaa nepi, kofia na soksi tu, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga. Saa nyingi, mchana na usiku. Hapo hakuna kupika, kufua wala kuuza. Siku za mwanzo ni malalamiko: mgongo, jasho, simu haishikiki vizuri, wifi kapeleka maneno nyumbani kwamba mtu kalala tu. Halafu kitu kinageuka. Yule aliyekuwa akitapatapa anaanza kunieleza habari ambazo sikumuuliza: akinyonya anapumua hivi, akilala anapumua hivi, jana alisita nikamsugua unyayo akarudi. Anamjua mwanawe kuliko mimi mwenye saa mkononi. Akina baba nao tunawafunga. Mvuvi mmoja alivua shati kwa aibu, akakaa na binti yake kifuani adhuhuri nzima bila kusema neno, na jirani yake wa kiti akaogopa kukohoa.

Kulikuwa na binti mdogo, uzazi wa kwanza, mtoto wake hata kilo moja na nusu hajafika. Siku ya pili akaniita.

"Sista, nitakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka afike kilo mbili na nusu, mwanangu."

"Na asipofika upesi?"

"Usihesabu siku. Atakwambia mwenyewe. Akishapata nguvu ataanza kujinyonganyonga na kukupiga mateke, hataki tena kufungwa."

Akafunua ukingo wa kanga akachungulia ndani. "Huyu? Huyu mvivu kama baba yake."